Wekundu wa Kofia ya Baba

Kaka Eudald,

Salamu zikukute huko Paris. Mizeituni imezaa vizuri mwaka huu, na yule nyumbu wako mkorofi bado anauma watu.

Picha uliyochora tuliiona kwenye maonyesho Barcelona. Baba alikuwa ameapa hatakanyaga huko, kisha akawa wa kwanza kupanda treni. Watu wa mjini walicheka ngazi iliyosimama hewani na sikio lililoota kwenye mzeituni. Baba akawafokea, "Mnacheka nini? Mti huo umesikia matusi yangu miaka arobaini, utakosaje sikio?" Akasogelea yale majani uliyoyachora moja moja, akanong'ona, "Kumbe mvivu huyu anafanya kazi!"

Kosa aliliona moja tu: barretina yake, ile kofia nyekundu uliyoiweka juu ya ngazi bila kichwa. "Wekundu huu wa dukani. Wangu umechujuka kwa jua na jasho. Mpelekeeni aione."

Nimeifunga pamoja na barua hii. Usiifue. Babu alizikwa na yake, lakini Baba alikataa katakata. Jumanne tulimzika kichwa wazi.

Rekebisha wekundu, kaka.

Dada yako,
Remei