Mama, Sukari Yako Haikuwa Sawa

Mama,

Ni mimi Akinyi, kifungua mimba wako. Tangu tukuzike Asembo Bay nimekuwa nikiogopa kukuandikia, kwa sababu kuna jambo lazima nikiri.

Unakumbuka siku ulipokuja maabara ninapofanya kazi ukitoka kuuza samaki Dunga, leso ingali inanuka dagaa wa omena? Ulilalamika uchovu, na mikunjo ya shingo yako ilikuwa imeanza kuwa myeusi. Nilikutoa damu mimi mwenyewe. Sukari ilikuwa chini ya mpaka wa ugonjwa wa kisukari, kidogo tu. Nikakuambia, "Iko sawa, Mama." Ukaniamini. Ukarudi kwa samaki wako ukiwaambia wenzako kwamba binti yako amekupima. Baada ya miaka minne ndipo kikaja kile kidonda cha mguu kilichokuchukua.

Mwaka jana tulipata daktari mpya, mama mmoja asiyependa haraka. Alitufundisha kutosoma sukari peke yake. Mtu akija hajala tangu jioni, tunapima sukari na mafuta ya damu kwa pamoja. Sukari ikikaribia mpaka na mafuta yakiwa juu, huenda mwili umeanza kuikaidi insulini, ile homoni inayoshusha sukari, na shingo kuwa nyeusi ni dalili mojawapo. Kongosho inalazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na kwa muda sukari huonekana njema. Kupima insulini yenyewe hapa hatuwezi. Vipimo vile viwili tunaviweza.

Siku aliyotufundisha hayo nilitafuta kadi yako kabatini. Mafuta yalikuwa yamepimwa, Mama. Yalikuwa juu sana. Mwandiko ni wangu.

Nililia. Kisha nikanawa uso nikaenda Nyamasaria kwa Mama Mdogo Awino, maana mnafanana hata umbo. Alinikatalia. Alisema yeye haumwi popote, kwa nini namtafutia ugonjwa. Ndipo nikamwambia nililokuwa sijamwambia mtu yeyote:

"Mama pia nilimwambia yuko sawa."

Akaendelea kuchambua mboga mpaka zikaisha. Asubuhi yake nilimkuta mlangoni pa maabara kabla hatujafungua, hajatia kitu kinywani.

Vipimo vyake vilikuwa kama vyako. Ila yeye tumemwahi. Soda na mandazi ameacha, sokoni anakwenda kwa miguu, na kila Jumapili ananisema mbele ya watu kwamba nimemwondolea raha. Acha aniseme. Juzi tumempima tena: mafuta yameshuka, na sketi zake zote amezipeleka kwa fundi zipunguzwe.

Sikuombi unisamehe leo. Naahidi tu kwamba kadi ya mtu nitaisoma yote, na nisipoelewa nitauliza, hata wakinicheka. Wadogo zangu wote watapimwa, hata Ochieng anayekimbia sindano.

Zamu yangu ya kupimwa ni Jumatatu. Shingo yangu imeanza kuwa nyeusi, Mama, nimeiona kwenye kioo. Mama Mdogo amesema atanishika mkono mwenyewe wakati wa kutoa damu.

Oriti, kwaheri Mama. Pumzika.

Akinyi wako