Tumbusi wa Kimali

Kimali,
14 Septemba 1996

Dada yangu Benedikta,

Mwangaluka. Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka kwa jembe la watu. Wewe na mama hapo Ipililo mnaendeleaje? Kikohozi chake kimepungua?

Hapa kwa mzee Luhende bado nachunga na kulima pamba. Siku hizi dawa ya pamba haitoki tena kwenye chama cha ushirika; wanunuzi binafsi wanaigawa hovyo, kila nyumba ina chupa zake.

Dada, unawajua tumbusi, wale ndege wa shingo kipara tuliokuwa tukiwazomea. Huku ng'ombe akifa kwa ugonjwa haliwi wala hazikwi. Hukokotwa hadi mbugani, na tumbusi walikuwa wakimmaliza siku hiyo hiyo. Mwezi wa Mei walikufa. Nilihesabu arobaini na mmoja, mabawa yametandazika kama mikeka. Tangu hapo mizoga inaoza, mbwa wa vijiji vyote wanakusanyika kula na kung'atana. Mmoja akapata kichaa, akamng'ata Salu, mke wa mzee. Zahanati haikuwa na sindano. Alikufa akiogopa maji, yeye aliyekuwa akinitania kwamba nakunywa kama ndama.

Sasa wanasema jirani yetu, bibi Milembe mwenye macho mekundu, ndiye aliyewaua tumbusi kwa uchawi na kumtuma mbwa. Kesho sungusungu, walinzi wa kijiji, wanamkalia kikao. Unajua jinsi vikao hivyo vinavyoisha.

Dada, si yeye. Ni mimi. Fisi alikula ndama wawili kwenye zamu yangu, mzee akaniambia akipotea wa tatu nifungashe virago. Nikamimina dawa ya pamba kwenye mzoga wa mbuzi. Fisi alikufa mmoja tu.

Jana nilikwenda kwa Jilala, kamanda wa sungusungu, nikaungama yote. Alicheka. Akaniuliza tangu lini dawa ya wadudu ikaua ndege wa angani, akasema bibi kizee amenihonga maziwa ya mgando. Nikamwonyesha chupa. Akasema hata yeye anayo, na kuku wake wazima. Mzee naye kaniambia niache kumtetea mchawi, nirudi kwa ng'ombe. Bibi mwenyewe nilimsihi akimbie. Akasema ana mbuzi watatu, atawaachia nani.

Barua hii anaileta Januarius, anayepanda lori la pamba asubuhi. Utakapoisoma, kikao kitakuwa kimekwisha. Mama usimwambie. Wasalimie watoto, na Jumapili mtaje bibi Milembe kanisani kwa jina lake, kwani huku hakuna anayethubutu.

Mdogo wako,
Mayunga