Pikipiki ya Shemeji Muteba

Jumatatu, 6 Mei 1957
Nimedunga wagonjwa sindano tangu asubuhi. Mkono unauma. Daktari Mzungu anataka muuguzi wa kuzungukia vijiji vya njia ya Sandoa, mwenye pikipiki yake mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Atapewa na nyumba ya vyumba vitatu. Sisi tumo sita chumba kimoja, na Kapinga wangu ana mimba. Kalonda, mwenzangu wa meza ya pili, anaitaka kazi hiyo pia. Simpendi Kalonda. Anapiga mluzi akifunga vidonda vya watu.

Jumatano, 8 Mei
Muteba, kaka yake Kapinga, anauza pikipiki. Nimekwenda saa tuliyopatana. Iliwaka kwa teke la kwanza. Nikagusa injini: inaunguza. Nikauliza mbona. Akacheka, maana pikipiki huku huitwa moto: "Shemeki, moto itakosa namna gani moto?" Waliokuwapo wakacheka. Mimi hapana.

Jumapili, 12 Mei
Nimerudi, tena kwa miadi. Injini tena ya moto. Kitu kinachopashwa moto kabla mnunuzi hajafika kina neno. Rangi imepauka kote isipokuwa shingoni, chini ya usukani. Hapo inang'aa. Nikakwaruza kwa ukucha. Muteba akanishika mkono, akanipa bia. Maneno matamu, macho ya mwizi.

Nataka kuiona ikiwa baridi, asubuhi, bila taarifa. Lakini mshenzi huyu anailaza jikoni kwa mama yake. Mama mkwe wangu! Kwetu Kasai siingii humo, simtazami usoni, nikimwona njiani naingia majanini. Muteba anajua. Adabu yangu ameigeuza kufuli.

Jumanne, 14 Mei
Kalonda anaulizia pikipiki mtaa mzima wa Manika. Kapinga ananiambia ninunue tu, ni ya ndugu. Tumegombana. Nimekula peke yangu.

Alhamisi, 16 Mei
Nimekwenda mapema, Muteba akiwa kazini. Nikasimama nje ya ua wa matete, nimeupa mgongo kama mjinga. Mama mkwe alikuwa anafagia. Fagio likanyamaza. Kusema nami hawezi. Akasema na kuku:

"Weye kuku, sikia. Ile moto ilianguka ku ponti ya muto, ikazama mu mayi. Shingo ilivunjika, Muteba akaiunga, akapaka rangi. Asubui haiwake, mpaka akiisukuma sana. Mutoto wangu asipande pale, ana mimba."

Kisha akaendelea kufagia. Nikaondoka bila kugeuka. Muteba alitaka kuniua mimi na dada yake, kwa mdomo wa kicheko. Namchukia. Nimeandika nilivyohisi.

Ijumaa, 17 Mei
Nimemwambia sinunui. Ameniita mwoga. Kapinga nimemweleza yote. Amelia, kisha akaenda kwa mama yake na unga wa kumshukuru.

Jumamosi, 18 Mei
Kalonda amenijia mezani, kwa heshima kama kwa baba. "Tata, ile moto ya shemeki yako, ni muzuri?"

Nikafikiria vyumba vitatu. Nikafikiria mluzi wake. Nikamjibu: "Inawaka haraka." Si uongo. Nilijua ninachofanya.

Jumatatu, 20 Mei
Ameinunua. Amekuja nayo kazini, honi tangu njiani. Daktari amempa kazi mbele yetu sote. Nimepiga makofi na wengine.

Jumamosi, 25 Mei
Wamemleta Kalonda ndani ya kamyo, lori la mihogo. Usukani ulikatika mkononi mwake kwenye mteremko. Mguu umevunjika mara mbili, uso umechubuka wote. Daktari ameuliza nani wa kumsafisha. Nimenyoosha mkono mimi.

Jumanne, 28 Mei
Daktari amenipa njia ya Sandoa na nyumba. Nitumie baiskeli ya zahanati, anasema. Kumbe baiskeli ilitosha. Kapinga anafunga vyombo.

Nimembadilisha Kalonda bandeji. Hapigi mluzi tena, meno ya mbele hayapo. Amenishika mkono: "Tata, weye ndo ndugu." Nikamwambia asitikisike, nikaendelea kufunga.