Mito Minne na Swali la Nereah

Jumatatu, 10 Machi 2025
Wiki yangu ya pili nikifundisha hapa mtaani Lindi, kando ya mto, tangu nitoke shule yangu ya zamani ya Kawangware. Nimeanza na darasa langu somo la mito na watu wa kale. Nikachora Tigri, Frati na Naili kwa chaki ya bluu, nikawasomea Mwanzo – mto unatoka Edeni, unagawanyika mara nne. Mungu hakumweka mtu bustanini bila maji, nikawaambia. Halafu watu wakalima kando ya mito, wakajenga miji. Mwanafunzi mmoja, Wakoli, akasema mto yetu hapa inajenga harufu tu. Kicheko! Nereah peke yake hakucheka. Alilaza kichwa kwa dawati, hakuchora chochote. Nikamgombeza. Uvivu, nilidhani.

Jumanne, 11 Machi
Mungu nisamehe. Christine, mwalimu wa darasa la tatu, ameniita pembeni. Aprili mwaka jana mto ulifurika, ukabeba nyumba ya kina Nereah. Na mdogo wake, Austin. Mtoto wa miaka miwili! Kila mtu anajua ila mimi.

Jumatano, 12 Machi
Filister, mama yake Nereah, amekuja shuleni na beseni lake la omena, dagaa anazouza. Nikaanza kuomba msamaha, akanikata. "Teacher, usiache hiyo somo. Huyu mtoto hataji mto, hataji Austin. Jana ndio ameuliza kitu." Ameuliza nini? "Atakuuliza mwenyewe. Mimi nilishindwa."
Nikarudi darasani kuandaa somo la Naili.

Alhamisi, 13 Machi
Naili. Nikasema wazi: mafuriko yalileta udongo mzuri wa shamba, na pia yaliua. Ndiyo maana Wamisri walijifunza kupima maji, kuhesabu siku, kuweka nafaka. Kisha Musa ndani ya kisafina chake. Nereah akainua mkono, akasimama. Sauti ndogo kabisa.
"Teacher, Mungu aliona Musa kwa maji. Austin hakumwona?"
Jibu la kanisani nilikuwa nalo, lilifika hadi kwenye ulimi.
"Alimwona," nikasema. "Mbona hakumtoa, sijui, Nereah. Mimi pia namuuliza."
Akakaa. Akachukua penseli, akachora mto mweusi, ukajaa ukurasa mzima.

Ijumaa, 14 Machi
Pasta Mutunga, mwenye shule, ameniita. Mzazi fulani amelalamika – teacher mpya anafundisha watoto kumshuku Mungu. Hakufoka. Aliuliza tu, kweli ulisema hujui? Ndiyo, pasta. Akasema ni yeye alimzika Austin, na siku hiyo alimwambia Filister maneno mengi mno, kana kwamba yeye alijua. Atapita kwangu kesho tumalize. Sijui kama nina kazi.

Jumamosi, 15 Machi
Saa mbili asubuhi. Filister na Nereah wako mlangoni. Nereah anataka kushuka mtoni – mara ya kwanza tangu siku ile ya mafuriko – na anataka niende naye. Pasta naye amefika, nawasikia wakisalimiana. Sasa pasta anauliza njia gani haina matope, maana anakuja nasi. Nereah amesema atatuonyesha. Gumboot moja siioni. Wananiita –