Maman Nsimire na nyumba ya kupigia picha

Jumatano, magaribi

Hasira haijapoa, hata chakula sijagusa.

Leo wafadhili walifika kukagua nyumba za bei nafuu ambazo shirika letu lilijenga hapa Nyalukemba. Direkta alimusimamisha Maman Nsimire, mujane, mbele ya nyumba mupya, na mimi nikawekwa kutafsiri.

Mugeni mumoja kati yao akamuuliza kama anaishi humo vizuri.

Maman akanitazama. "Mwanangu, umuambie kweli. Mimi sijalala humu hata siku moja. Mwenye analala humu ni shemeji ya direkta. Mimi wameniita asubui juu ya picha tu."

Nilitafsiri kila neno. Direkta akacheka: "Wamaman wa hapa wanapenda mizaha!" Mugeni naye akacheka, akamushukuru Maman, kisha wakaenda kula samaki kando ya ziwa.

Tulibaki wawili. Shemeji akatokea nyuma ya nyumba, akafunga mulango, akatia ufunguo mufukoni.

"Ulisema yote?" Maman akaniuliza.

"Yote, Maman."

"Basi walisikia."

Kazi labda nimeshaipoteza, na watoto wangu... Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba Maman hakukosea. Walisikia.