Maharagwe ya Ukweni

Nyakwara, mjukuu wangu Akinyi,

Huku Ahero maji yameingia tena uani. Kuku wanalala juu ya meza, na nimechoka hata kuwafukuza. Bibi yako anakusalimu, anasema unenepe kidogo.

Unauliza kama maharagwe mabichi yanaumiza tumbo kweli, au ni huko maabara tu, unapozimwagia seli za utumbo hizo lektini, sumu ya maharagwe mabichi, mpaka seli zinaacha kukua. Yanaumiza, mama. Siku niliyoenda Awasi kumposa bibi yako, kuni zilikuwa zimelowa, na maharagwe yakaletwa magumu kama kokoto. Ukweni mgeni hasemi chakula hakijaiva. Nikamaliza sahani nikitabasamu.

Kabla hatujafika kwenye habari ya ng'ombe wa mahari, nilikuwa chooni. Nikarudi, nikakaa, nikatoka tena. Baba yake akasema, "Kijana huyu ni mgonjwa. Binti yangu simpi."

Bibi yako akajibu kutoka jikoni, "Baba, si mgonjwa. Ni mimi sikuivisha."

Msichana kujiaibisha hivyo mbele ya wajomba, kwa ajili ya mtu aliyeshika tumbo! Hapo ndipo nilipoolewa mimi.

Unasema utumbo hujiotesha ngozi mpya baada ya siku chache. Naamini, kwa sababu nilirudi nikala tena.

Siku hizi mikono ya bibi yako imechoka, napika mimi. Nayachemsha mpaka yapondeke, kwa maana moto ndio unaoua hiyo lektini yako. Naye anatafuna polepole, ananiambia bado ni magumu.

Babu yako