Nimekwenda Mipango Miji Bila Kumwambia Kaka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumatatu haijafika. Mimi ni mkunga, nimezalisha kwenye wodi za watu miaka mingi, na marehemu mama alituachia kiwanja mimi na kaka yangu ambaye ni mwashi, tukakubaliana tujenge kituo kidogo cha uzazi, naye akachora ramani kwa mkono wake akaniambia, "Mdogo wangu, tuchimbe msingi kwanza, kibali kitatufuata," nami nikaitikia kwa sababu kaka ndiye aliyenisomesha na sijazoea kumpinga, ila usingizi ukanikataa, na juzi nikaitia ile ramani kwenye mkoba nikaenda ofisi ya mipango miji kimyakimya.

Nilidhani nitafokewa, lakini afisa, mama mtu mzima mwenye miwani, aliitandaza ramani mezani akakandamiza pembe kwa kikombe, akauliza, "Gari la wagonjwa litageukia wapi?" kisha akauliza maji machafu yataelekea wapi, nikasema sijui mama, ndipo akanionyesha kwamba bomba kuu la majitaka linapita nyuma ya kiwanja chetu, palepale kaka alipopigilia vigingi vya wodi, na ukuta wowote juu yake ungebomolewa. Akasema, "Una bahati hujachimba, mwanangu. Sogezeni jengo mbele, acheni njia ya gari, kisha urudi tuzungumze kabla hamjaomba kibali," nikatoka nikakaa kwenye ngazi za ofisi nikacheka peke yangu kama mwehu, nimeutua mzigo. Lakini kaka ameshaita vibarua waje kuchimba Jumatatu na kujigamba kwa majirani, na kila nikifungua mdomo nimwambie, najikuta namuuliza kama ameshakula. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mkunga

*

Mkunga, pumua. Wewe unayewaamuru waume na wakwe za watu wasubiri nje, leo unamwogopa kaka yako?

Kwenda kuuliza hukukosea hata kidogo. Umeokoa jasho la kaka yako mwenyewe. Unapokosea ni kunyamaza huku vibarua wanakuja. Mwambie leo, mkiwa wawili, na usizunguke: "Kaka, nilikwenda kuuliza, nikaogopa kukuudhi. Pale nyuma pana bomba la majitaka." Mwashi haelezwi mara mbili maana ya ukuta juu ya bomba. Atanuna. Mwache anune, ila vibarua awaambie wasije.

Kisha mrudi kwa afisa pamoja, mkiwa mmejiandaa. Kaka apime kiwanja upya. Wewe eleza kazi yenyewe: akina mama wangapi watalala, mzazi akizidiwa atatolewa kwa mlango upi, taka za damu zitakwenda wapi, ndugu watasubiri wapi. Bebeni hati ya kiwanja na picha za barabara inayoingia. Mchoro uwe wa penseli, maana mchoro uliokwisha kupendezeshwa mtu huuonea uchungu kuufuta. Muulizeni afisa pia watu wa afya na wa zimamoto watataka nini, mjue mapema. Mkimaliza, mwombeni awape majibu yake kwa maandishi. Na hata akiwachekea mpaka mlangoni, mazungumzo si kibali, kwa hiyo jembe lisiguse ardhi.

Majirani nao waambieni ninyi wenyewe kwamba jengo linasogezwa, wasisikie kwa watu.

Haya, nenda kwa kaka yako sasa hivi. Akiuliza nani amekutia ujasiri, nitaje mimi, nimeshazoea kununiwa.